Jiwe Jeusi la Penseli na Motokaa za Umeme

Ukifika Newala usikose kwenda mpaka ukingoni, mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Hapo nchi ya juu ya Wamakonde inakatika ghafula, kana kwamba imekatwa kwa panga. Chini kuna bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji, nchi ya ndugu zetu. Wazee waliokaa hapo jioni walitazama mvua ikija na moshi wa mashamba ukipanda. Hawakujua ya kuwa pande zote mbili za mto huu Mungu ameweka ardhini jiwe moja jeusi, ambalo leo linatafutwa na matajiri wa Marekani, Uchina na Ulaya.

Jiwe hilo ni laini. Ukilishika linaacha weusi vidoleni. Kila mtoto aliyepita shule amelitumia, maana ndilo lililo ndani ya penseli. Kwetu Tanzania huitwa kinywe. Upande wa kusini liko Balama, katika jimbo la Cabo Delgado. Upande wetu liko Ruangwa, ukitoka Masasi na kupita Nachingwea kuelekea kaskazini. Liko pia Mahenge, mkoa wa Morogoro.

Kwa nini jiwe la penseli limepata thamani namna hii? Jibu ni motokaa. Nasi twataka leo kueleza habari hiyo polepole, kwa sababu ni habari ya mashamba yetu, fedha zetu na watoto wetu.

MOTOKAA ISIYOKUNYWA PETROLI

Wengine hudhani motokaa ya umeme ni jambo jipya kabisa. Sivyo. Mwaka 1900 ziliendeshwa nyingi katika miji ya Marekani. Watu walizipenda kwa sababu hazikuwa na moshi wala kelele, na hazikumtaka mtu azungushe chuma kwa nguvu ili kuwasha injini. Lakini betri zake zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Mwaka 1908 Henry Ford akaleta motokaa yake ya bei nafuu, na mwaka 1912 ukapatikana mtambo wa kuwasha injini bila kuzungusha kwa mkono. Basi petroli ikashinda, na za umeme zikasahauliwa karibu miaka mia.

Kilichozirudisha ni betri mpya. Betri hiyo hutumia madini mepesi yaitwayo lithiamu, na kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991. Ndiyo iliyo ndani ya simu uliyo nayo mfukoni. Wataalamu watatu walioitengeneza, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Sasa sikiliza vizuri. Katika kila betri ya namna hii kuna pande mbili. Unapotia umeme, lithiamu hutoka upande mmoja na kwenda kupumzika upande wa pili. Motokaa inapokwenda, hurudi ilikotoka. Ule upande wa kupumzikia hutengenezwa kwa kinywe. Ni kama ghala lenye rafu nyingi nyembamba, ambamo mzigo huwekwa usiku na kutolewa asubuhi. Simu hutaka kinywe kidogo tu. Motokaa moja hutaka kilo 50 au zaidi, yaani uzito wa gunia kubwa zima.

Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua yake Laudato Si' mwaka 2015, akituhimiza tuitunze dunia, nyumba yetu sote. Desemba 2024 mwenyewe alipokea motokaa mpya ya kuwazungukia waamini, nayo ilikuwa ya umeme tupu. Kwa hiyo jambo hili si baya kwa asili yake. Hewa safi ni neema. Tuulize tu ni nani anayeilipia.

WAUZAJI WANAPOSHINDANA

Mwaka 2003 ilianzishwa Marekani kampuni iitwayo Tesla, na baadaye ikawa maarufu chini ya Elon Musk. Uchina kulikuwa na kampuni nyingine, BYD, iliyoanzishwa na Wang Chuanfu mwaka 1995 katika mji wa Shenzhen. Hiyo haikuanza na motokaa. Ilianza na betri za simu. Wakubwa wengi wa motokaa waliidharau. Lakini katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2023, BYD iliuza motokaa za umeme zaidi ya 526,000, na Tesla 484,000 hivi. Aliyedharauliwa akatangulia.

Januari 2023 Tesla ilipunguza bei zake sana, na wengine wakalazimika kufuata. Mwaka 2024 motokaa za umeme zilizouzwa duniani, pamoja na zile zenye umeme na petroli pamoja, zilipita milioni 17, na karibu theluthi mbili ziliuzwa Uchina. Marekani na Ulaya ziliona hatari kwa viwanda vyao. Mwaka huo huo Marekani ilitoza motokaa za umeme za Uchina ushuru wa asilimia 100, na Ulaya nayo ikaongeza ushuru wake.

Afrika haikukaa kando. Mwaka 2024 Ethiopia ilikataza kuingiza motokaa za petroli. Rwanda iliamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazoandikishwa Kigali ziwe za umeme. Jambo lililoanza kwa matajiri linafika mpaka kwa kijana wa bodaboda.

MOTOKAA YENYE MACHO

Wauzaji walipochoka kushindana kwa bei, walianza kushindana kwa akili ya motokaa. Siku hizi motokaa nyingi mpya zina kamera nyuma ya kioo cha mbele, na rada ndani ya bampa. Vyombo hivyo humsaidia dereva. Mtu akikatiza ghafula, motokaa hufunga breki yenyewe. Dereva akisinzia na kuhama mstari, humpigia kengele. Japani na Ulaya zimekwisha weka sheria kwamba motokaa mpya ziwe na breki za namna hiyo.

Ni msaada mzuri, lakini ni msaada tu. Huko Marekani na Uchina wamekufa watu walioiachia motokaa kazi yote. Machi 2025, katika jimbo la Anhui, Uchina, motokaa ya umeme iliyokuwa ikijiongoza ilipata ajali, na wanafunzi watatu wakafa. Mwezi uliofuata serikali ya huko ikawaonya wauzaji waache kutangaza kana kwamba motokaa zao hazihitaji dereva. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne, alipochaguliwa Mei 2025, aliwaambia Makardinali kwamba alichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo wa Kumi na Tatu, aliyetetea wafanya kazi mwaka 1891 wakati wa mashine za viwanda. Maana leo zimekuja mashine zinazoiga akili. Mashine haina dhamiri. Dereva anayo.

Utasema, "Hayo ni ya Ulaya, kwetu hayapo." Yapo. Msimu wa korosho uliopita nilipanda motokaa ya bwana mmoja kutoka Masasi kwenda Newala. Aliinunua kwa fedha za korosho, ikiwa imekwisha tumika Japani. Alipoiwasha tu, sauti ya mwanamke ikasema maneno tusiyoyajua.

Mama mmoja mzee aliyekaa nyuma akauliza, "Mwanangu, huyo dada anasema nini?"

"Mama, hata mimi sijui," akajibu. "Tangu nimeinunua, kila asubuhi hunisalimu hivyo hivyo."

"Basi ana adabu," akasema mama. "Mwitikie!"

Tukacheka wote. Baadaye fundi alitueleza kwamba dada yule hasalimu mtu; husema kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijatiwa mahali pake!

Lakini mambo mengine hayakuwa ya kuchekesha. Jiwe lilikuwa limepasua kioo cha mbele, na bwana yule akatia kioo kingine bila kuipima kamera upya. Tangu hapo ikawa inaona vibaya. Penye vumbi ikapiga kengele bure. Mahali fulani, kivuli cha mkorosho kikiwa kimelala barabarani, ikafunga breki yenyewe, na lori lililokuwa nyuma likatukosa kidogo tu. Fundi mjini hakuwa na chombo cha kuisoma. Ikapelekwa Dar es Salaam, ikakaa huko miezi miwili ikingoja kifaa kidogo. Mwenyewe aliniambia, "Bwana, fedha za magunia ya mwaka mzima zimemezwa na kitu nisichoweza hata kukiona."

KIDUDE KIDOGO KULIKO UKUCHA

Kitu hicho huitwa chipu. Ni kipande chembamba cha silikoni, kidogo kuliko ukucha, chenye njia za umeme zisizoonekana kwa macho. Motokaa ya siku hizi ina chipu zaidi ya 1,000: za breki, za vioo, za taa, za kamera. Ikikosekana moja tu ya lazima, motokaa nzima haitoki kiwandani.

Hayo yalitokea kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoingia, watengenezaji wa motokaa walidhani hakuna atakayenunua, wakafuta maagizo yao ya chipu. Wakati ule ule watu waliofungiwa nyumbani walinunua kompyuta na simu kwa wingi. Viwanda vya chipu, ambavyo vingi na vikubwa viko Taiwani, vikawapa hao nafasi. Wenye motokaa waliporudi wakakuta foleni ndefu mbele yao. Chipu haitengenezwi kwa siku moja; huchukua miezi. Machi 2021 kiwanda kimoja kikubwa cha chipu za motokaa huko Naka, Japani, kikaungua. Septemba mwaka huo hata Toyota ikapunguza motokaa zake kwa sehemu 40 katika kila 100.

Tazama sasa jinsi dunia ilivyofungamana. Mjapani aliyekosa motokaa mpya hakuiuza ya zamani. Za zamani zikawa chache minadani, bei ikapanda, na sisi tunaonunua zilizotumika Japani tukalipa zaidi. Moto wa Naka ulimfikia mkulima wa Masasi, ingawa hakuona moshi wake.

KINYWE CHETU NA MASHAMBA YETU

Turudi kwenye jiwe letu. Tarehe 17 Aprili 2023 Serikali yetu ilitia sahihi mapatano na makampuni matatu kutoka Australia. Moja lilihusu kinywe cha Chilalo, wilayani Ruangwa, na moja kinywe cha Epanko, huko Mahenge. Katika kila kampuni ya mgodi Serikali ina sehemu 16 katika 100 bila kuzilipia. Wengi walifurahi, wakafikiri fedha zitamiminika kesho yake.

Haikuwa hivyo. Karibu kinywe chote kinachosafishwa kwa ajili ya betri husafishwa Uchina. Tena Wachina hutengeneza kinywe kingine viwandani kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli. Mwaka 2023 hicho kilizidi sokoni na bei ikaanguka. Desemba 2023 Uchina ikaweka masharti ya kuuza kinywe chake nje, na wanunuzi wakaingiwa na hofu. Bei ya kinywe huamuliwa mbali. Mkulima wa Ruangwa haulizwi.

Na hapa ndipo penye uchungu. Mahali popote shamba likipimwa kwa ajili ya mgodi, halafu mgodi ukachelewa kwa sababu ya bei, mkulima hubaki njia panda. Apande mikorosho mipya au asipande? Ajenge nyumba ya tofali au akae katika ya zamani? Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na hutunza watoto na wajukuu. Mwaka mmoja wa kungoja ni hasara. Miaka mitano ni maisha ya mtoto shuleni.

Ndugu zetu wa Balama wametangulia, basi tujifunze kwao. Mgodi wao, mmoja wa mikubwa duniani kwa kinywe, ulianza kuchimba mwishoni mwa mwaka 2017. Kinywe chake hupelekwa mpaka Louisiana, Marekani, na Tesla iliagana kukinunua kikisafishwa huko. Lakini mwaka 2024 wakulima waliokuwa na manung'uniko ya tangu zamani juu ya mashamba yao na kuhamishwa kwao waliuzuia mgodi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba zikaja ghasia za nchi nzima. Desemba 2024 kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake, na mgodi haukuanza tena kazi mpaka katikati ya mwaka 2025.

Fikiri jambo hilo. Mitambo yote ile, meli zote zile, zilisimama, na mwanzo wake ulikuwa neno la shamba lisilomalizwa vizuri. Haki isipotangulia, hata tajiri hupata hasara. Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Kinshasa Januari 2023 aliwaambia wenye nguvu waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika, maana Afrika si mgodi wa kunyonywa. Alijua anachosema: sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini mengine ya betri, hutoka Kongo, na huko watoto wameonekana wakichimba kwa mikono.

WAZEE WETU WALIKWISHA ONA

Sisi watu wa kusini hatuna sababu ya kudanganywa na mitambo mikubwa. Wazee wanakumbuka karanga za Nachingwea. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Serikali ya Kiingereza ilitaka kulima karanga kwa matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita. Yaliharibika, vipuri havikupatikana, mvua haikufuata maandishi ya ofisini, na pauni zaidi ya milioni 35 zikapotea. Hata reli ya Mtwara mpaka Nachingwea iling'olewa baadaye. Kilichobaki chenye faida ni bandari ya Mtwara.

Tena tunakumbuka viwanda vya korosho. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilipata tani 145,000. Vikajengwa viwanda vya kubangua, hata Masasi na Newala. Lakini watu walikuwa wamehamishwa mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiri ukaingia, na msimu wa 1986/87 zikapatikana tani 16,000 na kitu. Viwanda vingi vikafungwa, na korosho zetu zikaendelea kusafirishwa na maganda yake kwenda kubanguliwa na wengine. Kinywe kikienda vivyo hivyo, kibichi, faida kubwa itabaki kule kinakosafishwa. Jiwe limebadilika, lakini hesabu ni ile ile.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Kwanza, juu ya shamba. Sheria ya nchi husema madini ni mali ya Taifa, lakini husema pia kwamba anayeondolewa katika ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia hiyo haihesabu udongo tu. Huhesabu pia nyumba, miti, usumbufu na gharama ya kuhama. Basi usingoje mpaka mpimaji afike. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakuruhusu kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Iombe mapema kwa halmashauri ya kijiji chako. Hesabu mikorosho yako, andika, na ubaki na nakala.

Pili, baba asitie sahihi peke yake. Mama ndiye aliyepalilia shamba hilo. Kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao, ardhi nyingi imefuata ukoo wa mama, na mjomba ana neno lake. Kaeni wote pamoja kabla fedha hazijafika, maana zikifika masikio huziba. Tumeona jamaa waliokula pamoja miaka 30 wakishtakiana kwa ajili ya fedha zilizokwisha katika miezi sita. Mjane na yatima wapewe haki yao mbele ya wengine.

Tatu, juu ya motokaa na pikipiki. Kabla hujanunua, muulize fundi wa karibu: "Hii utaweza kuitengeneza?" Akisita, nawe usite. Ile ya umeme itazame pia. Haina mafuta ya injini wala plagi za kubadili, na yaweza kumfaa kijana wa bodaboda. Lakini uliza umeme wa kwenu hukatika mara ngapi, na betri ikichoka itapatikana wapi na kwa bei gani.

Nne, juu ya watoto. Chipu na betri hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilitengenezwa na watu waliofundishwa hesabu, fizikia na kemia. Mtoto wa kike wa Kitangari ana akili sawa na mtoto wa Shenzhen. Fedha ya korosho iliyolipa ada haiungui wala haipasuki kioo.

Tulipofika Newala siku ile, yule mama mzee alishuka polepole, akaigusa motokaa kwa mkono wake, akamwambia mwenyewe, "Mwanangu, Mungu akupe baraka na chombo chako. Lakini macho yake yakikosea, tumia yako."

Bwana yule akaitikia, "Nimesikia, Mama." Nasi tuseme hivyo hivyo. Yajapo ya motokaa na yajapo ya jiwe jeusi, tutumie macho yetu wenyewe. Ardhi tuliyopewa na Mungu tumeishika kwa ajili ya watakaozaliwa, nao watatuuliza tuliifanyia nini.